Onyo Lililoenea Si Onyo Lililofika

Imani iliyoota mizizi siku hizi, miongoni mwa viongozi na hata waandishi wa habari, ni kwamba habari ya hali mbaya ya hewa ikishaenea katika simu za watu wengi, watu hao wamekwisha kuonywa. Imani hiyo ni potofu, na katika visiwa vya Lamu upotofu wake unahatarisha maisha, kwa sababu kinachosambaa mitandaoni huchaguliwa na mshangao wa walio mbali, ilhali hatari inayowakabili wavuvi na wasafiri wa Amu, Manda, Pate na Kiwayu hurudi kila mwaka, imezoeleka, na kwa hiyo haimshangazi mtu.

Mfano ulio wazi ni ujumbe ambao kwa miaka kadhaa umekuwa ukizunguka katika WhatsApp nchini Kenya na kwingineko msimu wa baridi unapowadia. Ujumbe huo hudai kwamba dunia itakwenda mbali na jua kwa asilimia 66 zaidi ya kawaida, na kwamba baridi kali, pamoja na mafua na kikohozi, itadumu hadi tarehe 22 Agosti. Jambo linalotajwa humo, yaani afelio, ambayo ni nukta ya mzunguko ambapo dunia huwa mbali zaidi na jua, ni la kweli. Lakini hutokea mwanzoni mwa Julai kila mwaka, na tofauti kati ya kilomita milioni 152 za Julai na milioni 147 za Januari ni takriban asilimia 3 tu. Tena, Julai hiyo hiyo London huwa katika kiangazi, jambo lisilowezekana kama umbali wa jua ndio ungeleta baridi.

Chanzo cha kweli cha baridi hiyo hakisambazwi na mtu. Kuanzia Juni hadi Agosti nusu ya kusini ya dunia huwa imeinama upande usioelekea jua, na eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililo karibu na visiwa vya Mascarene, ambavyo ni pamoja na Mauritius na Réunion, hupata nguvu na kuisukuma hewa kuelekea ikweta. Hewa hiyo ikifika bara huchangia mawingu mazito yanayolifunika jua la Nairobi. Ikipita pwani ndiyo kusi, upepo ambao kaskazini zaidi, kuelekea Somalia, huwa miongoni mwa mikondo ya upepo yenye nguvu kubwa katika tabaka la chini la angahewa. Kipupwe ambacho kwa mkaazi wa Nairobi kinahitaji sweta, kwa nahodha wa Kizingitini, kisiwani Pate, kinahitaji uamuzi wa kutoka au kutotoka, na uamuzi huo haumo katika ujumbe wa afelio.

Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitoa ushahidi wa namna nyingine. Hatari yake ilikuwa ya kweli, na tahadhari za serikali zilistahili. Kimbunga kiliingia nchi kavu karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, mbali sana na Lamu, ambayo ipo takriban nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, mahali ambapo nguvu ya mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kukiwezesha kimbunga kujisokota. Hidaya ilipodhoofika, kelele za mitandaoni zilikoma, ingawa kusi ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kushika, na miezi ya bahari kuchafuka ilikuwa bado mbele.

Wanaotetea mitandao husema kwamba simu hufika kijiji cha Kiunga upesi kuliko ofisa yeyote, na hilo ni kweli kabisa. Lakini swali ni kinachofika. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotangaza upepo unaozidi noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yanayopita mita 2, tangazo huwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na eneo. Likishapita mikononi mwa watu kumi, mara nyingi hubaki neno "Pwani" na picha ya wimbi lisilojulikana ni la bahari gani. Hata tangazo likifika zima, halitoshi. Katika mlango wa bahari kati ya Shela na Manda, mawimbi ya kusi huingia kutoka nje, na maji yanapokupwa hutoka kuyakabili, kwa hiyo mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokwenda kwa kasi, kuliko wakati wa maji mafu. Hatari hubadilika kwa saa. Manahodha wanalijua hilo, kama walivyoijua hesabu ya miongo, yaani makumi ya siku yanayohesabiwa tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, ambayo mabaharia wa Waswahili waliitumia kukadiria majira ya pepo. Kwa hiyo Idara na serikali ya kaunti zinawajibika kutoa, katika kila siku ya kusi kali, tangazo linalotaja mlango kwa jina, saa ya kujaa na kupwa, na saa ambayo onyo linakoma, kisha kulipitisha kwa manahodha na vikundi vya kusimamia fuo, yaani BMU, kabla ya boti za abiria kung'oa nanga, hata kama hakuna mtu wa Nairobi atakayelisambaza.