Meno ya Gurudumu

Barabara itokayo Kigali huteremka milima mpaka Gisenyi, ilipo Grande Barrière, lango la kuingilia Goma. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu penye lami iliyolowa, magurudumu huweza kuacha kuzunguka, gari likateleza lisifuate usukani.

Kinga yake, katika magari mengi, ni pete ya chuma yenye meno. Kila jino lipitapo mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, umeme kidogo huzaliwa, nao huhesabu mwendo. Gurudumu likitaka kusimama kabla ya mengine, breki yake hulegezwa na kukazwa tena, mara kadhaa kwa sekunde.

Tope likigandamana hapo, hesabu huharibika, taa ya njano ikawaka. Breki za kawaida hushika bado. Ndiyo maana wengi huidharau, na wauzaji wengine, kwa hila, huing'oa! Mnunuzi na afungue ufunguo atazame: taa nzima huwaka kidogo, kisha huzimika.