Masomo ya mbali yaanze na walimu

Elimu ya masafa, yaani ufundishaji ambao mwalimu na mwanafunzi hawaonani ana kwa ana bali huunganishwa na redio, vijitabu au intaneti, si ngeni nchini Kongo, kwani shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, ilirusha masomo ya Okapi École kwa watoto waliobaki nyumbani. Ni kosa kuyaona masomo hayo kuwa ya wakati wa maradhi tu. Mutarule, katika bonde la Ruzizi, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa usiku wa 6 Juni 2014, inajua kwamba vita navyo hufunga shule, na mtoto anayekimbia na wazazi wake hawezi kubeba darasa.

Lakini redio isiyo na mwalimu wa kusahihisha daftari haimfikishi mtoto mbali. Tanzania ililielewa hilo katika miaka ya 1970, ilipotafuta walimu wa Elimu ya Msingi kwa Wote: maelfu ya vijana walifundisha vijijini huku wakisoma ualimu kwa vijitabu na vipindi vya redio, wakisimamiwa na waratibu waliowatembelea darasani. Serikali ya Kongo na iwape walimu wa Mutarule mafunzo ya namna hiyo, pamoja na redio za sola na vijitabu vya Kiswahili kwa madarasa ya chini, kabla shule hazijafungwa tena.