Jirani Akiachishwa Kazi, Asihesabu Siku Peke Yake

Mtaani kwako hapa Dar es Salaam, uwe Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju, ni nani ameachishwa kazi mwaka huu? Huenda humjui. Huenda hata mkewe hajui.

Wapo baba zetu na dada zetu wanaoendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, shati limepigwa pasi, begi begani. Wanapanda daladala hadi Posta, wanashuka, kisha hawana pa kwenda. Barua imo ndani ya begi, imekunjwa mara nne. Jioni wanarudi na kusema kazi ilikuwa nyingi.

Tusiwashangae. Mtu aliyefanya kazi mahali pamoja miaka 15 huitwa kwa kazi yake: huyu wa benki, yule wa kiwandani. Akiiambia nyumba yake kwamba amefukuzwa, atajiita nani kesho?

Lakini aibu hiyo inakula siku, na siku zenyewe ni chache. Anayeona ameachishwa isivyo halali anatakiwa kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Akichelewa, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na atoe sababu za kuridhisha. Je, kuona haya kutakubalika kuwa sababu?

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwenu mnaoishi naye. Mkigundua, msianze na "ulifanya nini?" Swali hilo litakuwa na wakati wake. Muulizeni barua ni ya tarehe ngapi. Kaeni naye mezani mkusanye mkataba, hati za mshahara na barua zote za onyo. Mmoja wenu amsindikize CMA. Anayekwenda na nduguye haishii mlangoni.

Vipi kuhusu ugomvi kazini kabla mambo hayajafika huko? Mara nyingi huanza kwa jambo dogo: kiongozi mpya, maneno makali mbele ya wenzako, barua ya kujieleza. Ukiipata, usiijibu siku hiyohiyo kwa hasira. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za ajira za mwaka 2007 zinataka upewe angalau saa 48 za kujiandaa, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama chako. Na wewe mwenzake, ukiombwa, utakubali kukaa naye? Huna haja ya kugombana na bosi. Kaa tu pale, sikiliza, andika yanayosemwa.

Jambo moja nalisisitiza: usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu umeudhiwa. Aliyeacha mwenyewe hupata shida kudai kwamba ameachishwa, na fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Lala kwanza. Zungumza na mtu.

Tuseme pia ukweli kuhusu fedha. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyetumikia miaka 20 anahesabiwa siku 70. Na aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu huenda asipate hata hizo. Fedha hiyo haijengi nyumba wala haifungui duka kubwa, na mashemeji wenye mawazo ya biashara watakuwa wengi wiki hiyo. Mwacheni apumue. Kama ada ya shule binafsi imekuwa mzigo, nendeni mapema kwa mwalimu mkuu mkaombe kulipa kidogo kidogo. Na mtoto akihamia shule ya serikali, ambako ada ya msingi na sekondari imeondolewa, majirani tusimcheke.

Wanakikoba, mwenzenu akikosa hisa ya wiki, mmtembelee kabla ya kumpiga faini.

Jiji hili lina walimu wa jambo hili. Miaka ya 1990, viwanda vya umma vilipouzwa au kufungwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997, wazazi wengi wa Temeke na Kinondoni walirudi nyumbani na bahasha. Wengi wao bado tunao. Aliyeanza na genge la nyanya uani anaweza kumweleza kijana aliyepunguzwa mwezi uliopita mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kwa nini tusimpeleke kijana kwa mzee huyo Jumapili hii?

Nanyi mnaoandika barua za kuachisha kazi maofisini, najua si kazi mnayoipenda. Mpeni mwenzenu barua yake ana kwa ana, faraghani, si kupitia mlinzi wa getini. Iambatane na hesabu ya anachodai, likizo yake ikiwemo, na cheti cha utumishi kiwe tayari siku hiyohiyo, ili asilazimike kurudi mara tatu kukifuata.