Risasi za Salaita si vyuma chakavu
Vijana wa Taita Taveta, mtu akija na mashine ya kusaka chuma ardhini, akitaka mumwonyeshe reli kuukuu ya Voi-Taveta, msikimbilie mia tano yake. Anatafuta maganda ya risasi na vifungo vya sare vya vita vya 1914-1918. Hapo Salaita, Februari 12, 1916, Wajerumani na askari wao Waafrika waliyarudisha nyuma majeshi ya Uingereza.

Sasa sikia hii: Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vya kabla ya 1895 pekee. Maganda hayo je? Bunge lisogeze mwaka huo! Likishachimbuliwa bila kuandikwa lilikolala, ganda haliwezi tena kutuonyesha nani alifyatulia wapi.