Mchezo Mmoja Haumpimi Mchezaji

Mashindano ya sataranji katika shule, pale yanapokuwapo, mara nyingi huanza asubuhi na kumalizika jioni ya siku hiyo hiyo. Wanafunzi hupangwa wawili wawili. Anayeshinda huendelea, anayeshindwa hutoka. Jioni bingwa hupewa zawadi yake, kete hurudishwa sandukuni, na habari huishia hapo. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo, ingawa ni mwepesi kuuendesha, huinyima shule faida iliyo kubwa kuliko zote ambazo mchezo huu waweza kuitoa. Badala ya siku moja ya mtoano, yafaa shule zetu ziwe na ligi ya msimu mzima, tena ligi yenye kumbukumbu za maandishi. Sababu nitakazozitoa si za kimichezo tu, bali ni za kisayansi.

Tuanze na hesabu ndogo. Wachezaji 16 katika mtoano huhitaji michezo 15 tu ili bingwa apatikane, kwa kuwa kila mchezo humtoa mtu mmoja, na watu 15 hawana budi kutoka. Hiyo ndiyo sifa ya mtoano: una haraka. Lakini hebu tuutazame upande wa pili. Baada ya duru ya kwanza, wanafunzi 8, yaani nusu yao, wamekwisha kwenda zao, na kila mmoja amecheza mara moja tu. Juu ya uwezo wa hao wanane tumejifunza nini? Karibu hatukujifunza kitu.

Tuchukue wachezaji wawili, Asha na Juma. Tuseme Asha ni bora, kiasi kwamba katika kila michezo 10 yeye hushinda 6. Na tuziache sare kando ili hesabu iwe nyepesi. Wakicheza mara moja, uwezekano wa Juma kumtoa Asha ni asilimia 40, jambo ambalo si dogo hata kidogo. Wakicheza mara 7, uwezekano wa Asha kupata ushindi mwingi zaidi hupanda hadi asilimia 71. Wakicheza mara 15, ni asilimia 79. Wakicheza mara 21, ni asilimia 83. Maana yake ni kwamba hata baada ya michezo 21, karibu mara moja katika kila sita, aliye dhaifu ndiye atakayeonekana bora. Mwanafunzi aliyekwisha soma hesabu za uwezekano asiyaamini maneno yangu. Achukue kalamu na karatasi azihakiki tarakimu hizi mwenyewe.

Historia ya mchezo wenyewe inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Bobby Fischer wa Marekani alikutana na Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti kugombea ubingwa wa dunia. Fischer alishindwa mchezo wa kwanza. Wa pili hakutokea kabisa, akahesabiwa kuwa ameshindwa. Lau mashindano yale yangekuwa ya mtoano wa mchezo mmoja, au hata wa miwili, dunia ingemhesabu Fischer miongoni mwa walioshindwa. Walipofika mchezo wa 21, hesabu ilikuwa pointi 12 na nusu kwa 8 na nusu, na bingwa alikuwa Fischer.

Somo la kwanza la ligi, basi, ni hili: tokeo moja si kipimo. Kila afanyaye kazi katika maabara analijua jambo hili. Mwanafunzi anayepima muda wa timazi linalobembea hatosheki na mbembeo mmoja. Hupima mbembeo mingi, akatafuta wastani, kisha akajiuliza vipimo vyake vinatofautiana kwa kiasi gani. Kwa nini tuwe waangalifu namna hiyo juu ya timazi, ambalo halina hisia, halafu tukimfikia mtoto wa watu tutosheke na mchezo mmoja?

Si ajabu kwamba mtu aliyeupa mchezo huu kipimo chake mashuhuri alikuwa mwalimu wa fizikia. Arpad Elo alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akafundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Sataranji la Marekani liliukubali utaratibu wake mwaka 1960, na Shirikisho la Kimataifa, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, likafuata mwaka 1970. Wazo lake ni rahisi. Kila mchezaji ana namba inayokadiria uwezo wake. Tofauti ya namba mbili hutuambia tutarajie nini. Aliyemzidi mwenzake kwa pointi 200 anatarajiwa kupata, kwa wastani, kama 0.76 ya pointi katika kila mchezo. Aliyezidi kwa 400, kama 0.91. Baada ya mchezo tunalinganisha kilichotokea na kilichotarajiwa. Tuseme mchezaji wa 1400 amemshinda wa 1600. Yeye alitarajiwa kupata 0.24, naye amepata 1. Tofauti ni 0.76. Tukiizidisha kwa 20, ambayo ni namba inayotumiwa kwa wachezaji wengi waliokwisha zoea mashindano, tunapata nyongeza ya pointi 15 hivi. Angalitoka sare angaliongeza 5 tu.

Tazama namna hesabu hii inavyokwenda. Haisemi kwamba mtu ameumbwa hodari au mzito. Inasema: hili ndilo kadirio letu la leo, na kesho likija jambo jipya tutalisahihisha kidogo. Elo mwenyewe alikilinganisha kipimo chake na kazi ya kupima mahali pa kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, kwa fimbo iliyofungwa kwenye kamba inayoyumba kwa upepo. Huo ndio unyenyekevu wa mwanasayansi, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kujifunza unyenyekevu huo kwa kuitunza jedwali ya ligi ya shule yake mwenyewe.

Faida ya pili ya ligi ni kumbukumbu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Uingereza, nilichezea timu ya klabu ndogo ya mji kwa misimu miwili. Ligi za namna hiyo huchezwa jioni za siku za kazi, kuanzia mwanzo wa majira ya baridi hadi yanapokwisha. Ushindani ulikuwa mkali, lakini kilichonivutia zaidi kilikuwa desturi mbili. Ya kwanza: kila mchezaji aliandika kila hatua, yake na ya mwenziwe, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ya pili: mchezo ulipokwisha, mshindi na mshindwa walikaa pamoja, wakaupanga ubao upya na kutafuta mahali ambapo mambo yaligeuka. Dereva wa basi na mwalimu wa chuo waliinamia ubao mmoja, wakabishana kwa hoja, na hoja ndiyo iliyoshinda, si cheo.

Katika masomo yetu, jibu lisilo na njia halipewi alama zote. Basi ushindi usio na maandishi ni jibu lisilo na njia. Anayeshindwa bila kuandika huondoka na huzuni peke yake. Anayeshindwa akaandika huondoka na huzuni pamoja na karatasi, na ile karatasi ndiyo itakayomfundisha. Baada ya msimu mzima, mwanafunzi mwenye daftari la michezo 14 aweza kujiuliza maswali ya kweli. Je, hushindwa zaidi mwanzoni au mwishoni? Akiwa na kete nyeupe au nyeusi? Anapoharakisha au anapochelewa? Hizo ni nadharia tete, na ushahidi wa kuzipima anao mkononi mwake.

Hapa sina budi kutoa tahadhari. Wako wanaoutangaza mchezo huu kama dawa ya akili: mfundishe mtoto sataranji, naye atafaulu hisabati. Mwaka 2016 ilitolewa Uingereza taarifa ya jaribio kubwa lililohusu shule za msingi 100. Watoto waliofundishwa sataranji walilinganishwa na wasiofundishwa, na mwaka mmoja baada ya mafunzo haikuonekana tofauti katika matokeo yao ya hisabati. Kwa hiyo tusiwaahidi wazazi miujiza. Sidai kwamba sataranji humwongezea mtoto akili. Ninadai jambo dogo zaidi, lakini la hakika: ligi humpa takwimu zilizo zake mwenyewe, na mtu hujifunza kupima vizuri zaidi anapokipima kitu anachokijali.

Faida ya tatu ni kujua kwamba kipimo huchaguliwa na watu. Tuchukue timu mbili za wachezaji wanne wanne, kila moja ikiwa imekwisha cheza mechi tatu. Ya kwanza ilishinda moja kwa 4 bila, ikashindwa mbili kwa 1 na nusu kwa 2 na nusu. Ya pili ilishinda mbili kwa 2 na nusu kwa 1 na nusu, ikashindwa moja kwa 4 bila. Tukijumlisha pointi za meza zote, ya kwanza ina 7 na ya pili ina 5. Tukitoa pointi 2 kwa kila mechi iliyoshindwa na timu husika kwa jumla ya meza, ya pili ina 4 na ya kwanza ina 2. Ipi inaongoza? Tarakimu zenyewe hazisemi. Kanuni ndiyo inayosema. Hata Olimpiadi ya Sataranji ilibadili msimamo: mpaka 2006 timu zilipangwa kwanza kwa jumla ya pointi za meza, na tangu ile ya Dresden ya mwaka 2008 hupangwa kwanza kwa ushindi wa mechi. Wanafunzi wakae, wajadiliane, wachague kanuni yao, na waiandike kabla ya mchezo wa kwanza. Anayechagua kipimo baada ya kuyaona matokeo hapimi. Anatafuta tu kibali cha alichokwisha kukitaka.

Mwalimu atauliza: muda na fedha vitatoka wapi? Chukua wanafunzi 8. Kila mmoja akutane na kila mwenziwe mara mbili, mara moja akiwa na nyeupe na mara moja na nyeusi, kwa sababu anayeanza ana nafasi nzuri zaidi. Katika mikusanyo mikubwa ya michezo ya mabingwa, nyeupe hupata asilimia 54 hivi ya pointi zote. Jumla ni michezo 56. Mbao 4 zatosha, na ukicheza duru moja kila juma, kazi imekwisha kwa majuma 14. Ubao waweza kuchorwa juu ya kadi ngumu, na kete zaweza kuchongwa katika karakana ya shule. Shule 6 za wilaya moja zikikutana nyumbani na ugenini, kila timu ikiwa na meza 4, zitapata mechi 30 na michezo 120. Hazina hiyo ya takwimu yatosha kufundishia wastani, jedwali na grafu kwa mwaka mzima.

Mwingine atasema sataranji ni mchezo wa kigeni. Ulizaliwa Bara Hindi, ukapitia Uajemi na Uarabuni, na jina tunaloliita lilitufikia kwa njia hiyo hiyo. Hata hivyo, asiyeupenda na atumie bao. Jirani hawa wawili wanafanana kwa namna ya kuchekesha: ubao wa sataranji una miraba 64 na kete 32, bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar ulikuwa mada ya tasnifu ya Mholanzi Alexander de Voogt mwaka 1995. Ni aibu iwapo mgeni atavuka bahari kuja kuuchunguza umahiri huo, nasi tunaouona barazani kila alasiri tusiandike hata mchezo mmoja. Wanafunzi wanaopenda hisabati wabuni namna nyepesi ya kuyaandika mashimo na hatua, kisha waendeshe ligi ya bao kwa kanuni zile zile.

Nimelisema hili kwa sababu ubao si mwisho wa habari. Katika kila darasa yumo mwanafunzi aliyepata alama mbaya katika jaribio la kwanza la fizikia, na tangu siku hiyo akaitwa, na mwenyewe akajiita, asiyeweza sayansi. Huyo ametolewa katika duru ya kwanza. Mtihani wa taifa una sababu zake na hauko mikononi mwa mwalimu mmoja mmoja. Lakini hukumu za kila siku darasani zimo mikononi mwake. Ni yeye awezaye kuamua kama jaribio la Februari litakuwa mlango uliofungwa, au mchezo mmoja tu katika msimu mrefu.

Shule iliyowahi kuendesha ligi itakuwa na ubao wa matangazo ambapo aliyekuwa wa mwisho katika juma la tatu ameonekana wa pili katika juma la kumi na mbili, na kila mtu aweza kusoma katika daftari ni kwa njia gani alifika pale. Walimu wa hisabati na sayansi nawaombe waanze muhula ujao, hata kwa mbao mbili. Andikeni kanuni kwanza, andikeni kila hatua, na msimtaje bingwa hadi duru ya mwisho.