UCHAMBUZI: Misuli Adimu Mwilini na Usalama wa Mgonjwa Katika Chumba cha Upasuaji

Na Mwandishi Wetu

Serikali ilipoelekeza sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 katika ununuzi wa mashine za CT Scan na eksirei za kidijitali, wananchi wengi waliipokea hatua hiyo kama nafuu ya safari ndefu za kufuata vipimo katika hospitali kubwa. Hilo ni kweli. Lipo hata hivyo jambo jingine ambalo halijazungumzwa vya kutosha: mashine hizo zinamwezesha daktari wa mkoani kuona ndani ya mwili kabla ya kupasua, na anachokiona si lazima kifanane na mchoro aliousoma chuoni.

Msomaji anaweza kuanza na mkono wake mwenyewe. Gusanisha ncha ya dole gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Kwa watu wengi, kano nyembamba hujitokeza katikati ya kifundo cha mkono. Ni kano ya msuli mrefu wa kiganja. Baadhi ya watu hawana msuli huo katika mkono mmoja, wengine katika mikono yote miwili, na hawapungukiwi nguvu yoyote ya kuhisika. Mwandishi wa makala haya alipojaribu, kano ya mkono wa kulia ilijitokeza mara moja; ya kushoto hadi sasa haijaonekana.

Kwa kuwa mwili huweza kuishi bila kano hiyo, madaktari wa upasuaji huitumia kama kipuri. Huikata na kuipandikiza mahali pengine, kwa mfano kwenye kidole ambacho kano yake imekatika kwa panga au mashine. Hatari imejificha hapo. Chini kidogo ya kano hiyo hupita mshipa mkuu wa fahamu unaohudumia dole gumba na vidole vinavyofuata. Kwa mgonjwa asiye na msuli huo, kitu cha kwanza cheupe na kirefu anachokutana nacho daktari kinaweza kuwa mshipa huo wa fahamu. Majarida ya kitabibu duniani yameandika visa vya mshipa huo kukatwa kwa kudhaniwa kuwa kano. Mgonjwa aliyeingia kutengenezewa kidole kimoja hutoka akiwa amepoteza hisia katika vidole vitatu na uwezo wa kushika sindano au kufunga kifungo. Jaribio la nusu dakika kabla ya upasuaji lingemwepusha na hayo.

Vitabu vingi hutaja kuwa msuli huo hukosekana kwa takriban asilimia 15 ya watu. Takwimu hiyo imetokana kwa kiasi kikubwa na watu wa Ulaya na Marekani. Utafiti uliofanyika nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta ni karibu asilimia 4 tu. Tofauti hiyo si ndogo, na haipaswi kutushangaza: kitabu mashuhuri cha Henry Gray, kilichotoka mwaka 1858, kilitokana na miili iliyopasuliwa London. Kilieleza kwa uaminifu kile waandaaji wake walichokiona, ila hawakuona kila kitu.

Ipo pia misuli ambayo wengi hatuna, wachache wanayo. Mmojawapo hulala juu ya msuli mkubwa wa kifua, pembeni mwa mfupa wa kidari, mara nyingi upande mmoja tu. Mwenye nao huweza kuishi miaka yote bila kuujua. Siku anapopigwa picha ya uchunguzi wa saratani ya matiti, msuli huo huweza kuonekana kama doa la duara karibu na ukingo wa ndani wa titi, na kufanana na uvimbe. Kwa mwanamke anayesubiri majibu, tofauti kati ya msuli na saratani ni tofauti kati ya kurudi nyumbani na kuingia katika mlolongo wa vipimo vya kuchomwa sindano, nauli na usiku usio na usingizi. Picha ya CT Scan huweza kumaliza shaka hiyo, mradi msomaji wa picha ajue kuwa msuli wa namna hiyo upo.

Kwapani hali ni nzito zaidi. Baadhi ya watu wana utepe wa msuli unaotoka kwenye msuli mpana wa mgongo na kukatiza mbele ya mishipa ya damu na ya fahamu ya mkono hadi kifuani. Mtaalamu Karl Langer wa Austria aliueleza katika karne ya 19, na tangu hapo umebeba jina lake. Katika upasuaji wa saratani ya titi, daktari huingia kwapani kutoa tezi za limfu ambazo huenda zimefikiwa na ugonjwa. Utepe huo huweza kumpoteza asijue alipo, au kuzificha tezi nyuma yake zikabaki. Tezi yenye saratani ikibaki, mgonjwa ataambiwa amepona huku ugonjwa ungali naye.

Ni vyema kusema wazi kwamba misuli hii si ugonjwa, na idadi kubwa ya wenye nayo hawahitaji tiba yoyote. Lakini kumbukumbu zake ni chache katika ukanda wetu. Daktari anayekutana na msuli usio wa kawaida saa nane usiku, akiwa na mgonjwa mwingine mlangoni, ana sababu za kibinadamu za kutouandika. Katika nchi nyingi za Afrika, vyuo vya udaktari pia hutegemea zaidi miili isiyodaiwa na ndugu kwa mafunzo, hivyo mwanafunzi huhitimu akiwa ameona miili michache.

Kwa upande wake, mwananchi anayekwenda kufanyiwa upasuaji anashauriwa kubeba picha na majibu ya vipimo vyote vya awali, hata vya hospitali nyingine. Aliyewahi kuambiwa kuwa ana msuli wa ziada, au kwamba uvimbe uliotiliwa shaka ulikuwa msuli tu, aombe jambo hilo liandikwe katika hati yake ya ruhusa na aioneshe kwa kila daktari atakayemhudumia baadaye.