Bulabo: Mnunuzi ni mkulima wa pamba, si mtalii

KILA msimu wa sherehe za Bulabo unapokaribia, mfanyabiashara mdogo wa Mkolani huwa na swali moja: apeleke bidhaa gani Bujora, na kwa mtaji kiasi gani? Jibu lililozoeleka ni vinyago, shanga na batiki za kuwauzia watalii. Jibu hilo limewaacha wengi na mzigo mkononi. Umati wa Bulabo ni wa wakulima na familia zao, na soko lipangwe kwa ajili yao.

Bujora iko Kisesa, wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya Mwanza kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada. Baada ya sheria kuondoa madaraka ya watemi mwaka 1963, ngoma, viti vya enzi na zana za utawala zilihitaji mahali pa kutunzwa. Wasukuma waliita makazi ya mtemi ikulu, na Bujora ni mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kulipa kiingilio na kuona hazina ya ikulu za zamani. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na lile la vyama vya ngoma kwa umbo la ngoma.

Kinachojaza uwanja ni mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vyenye upinzani wa tangu karne ya 19. Kwa desturi vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho mshindi. Ndiyo maana wachezaji huja na chatu, majembe ya bugobogobo na vituko vipya kila mwaka, bila kusahau dawa ya mvuto. Soko huria halina mfano bora kuliko huo: mtazamaji hapigi kura, anahama tu. Mwenye kibanda cha bidhaa asizozihitaji mkulima atahamwa vivyo hivyo.

Jambo la pili ni kalenda. Bulabo hufuatana na sikukuu ya Ekaristi, ambayo huhesabiwa siku 60 baada ya Pasaka, na kwa sababu hiyo tarehe huhama. Mwaka 2024 sikukuu hiyo iliangukia Mei 30, mwaka 2025 Juni 19, mwaka 2026 ni Juni 4, na mwaka 2027 itakuwa Mei 27. Msimu wa ununuzi wa pamba nao kwa kawaida hufunguliwa kati ya Mei na Juni. Sikukuu ikichelewa, mkulima huja uwanjani akiwa na fedha za pamba. Ikiwahi, pamba yake bado iko shambani au ghalani. Mwaka wa sikukuu ya mapema unafaa vyakula, vinywaji na bidhaa za bei ndogo. Mwaka wa sikukuu ya kuchelewa ndio wa kupeleka kanga, viatu, baiskeli na mabati.

Hata hivyo, tarehe peke yake haitoshi. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo, lakini wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo. Mfanyabiashara mwangalifu huuliza kwanza kama vyama vya ushirika vimelipa, ndipo akachukua mkopo wa mzigo.

Usafiri nao umebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na kuwaondolea watu wa Sengerema na Geita adha ya kusubiri kivuko. Kutoka Usagara kuna barabara ya mchepuko hadi Kisesa, hivyo gari la mzigo kutoka Mkolani halina haja ya kupita katikati ya jiji. Hiyo ni nafuu ya nauli na muda. Lakini daraja lililoleta wateja wapya limeleta pia washindani, kwani mfanyabiashara wa Sengerema naye sasa hufika Kisesa bila kulala njiani.

Liko suala ambalo wafanyabiashara hawapendi kulizungumza. Ngoma zikiisha, vibanda hufungwa na faida huondoka, lakini mapaa, kuta na bustani za Bujora hubaki na gharama za mwaka mzima. Ni haki wanaonufaika na umati wachangie matunzo. Mathalani vibanda 200 vikilipa Sh 2,000 kwa siku kwa siku tatu, zitapatikana Sh 1,200,000. Fedha hizo si utajiri, lakini zinanunua nyasi za kuezekea na kulipa fundi. Sharti liwe moja: mapato na matumizi yabandikwe mahali pa wazi, ili ushuru usigeuke kero nyingine. Atakayelalamikia Sh 2,000 ajiulize atauza wapi siku makumbusho yatakapofungwa.

Kwa mwekezaji mdogo, ushauri ni kutotegemea siku chache za ngoma. Tamasha la utamaduni la Septemba 8, 2021, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alipewa jina la Chifu Hangaya, lilionyesha kwamba Kisesa inaweza kukusanya umati nje ya msimu wa Bulabo. Vyoo vya kulipia, maji safi, sehemu ya kuegesha magari na vyumba vya kulala vya bei ya mkulima ni biashara zenye wateja hata ngoma zikinyamaza. Vinyago viwepo, ila viwe sehemu ndogo ya mzigo.

Wenyewe husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa Bulabo, asubuhi ni siku ya Pasaka. Anayeanza kutafuta mzigo baada ya kusikia ngoma amekwisha chelewa.